Mtoto Atajwe Katika Makubaliano ya Ujenzi
Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa Arusha na vitongoji vya Mlima Meru



Mada yetu inazihusu familia zinazoishi na watoto wadogo ndani ya nyumba ambayo bado inajengwa.

Ukipita Muriet, Olasiti, Moshono au Kwa Mrombo, au ukipanda kuelekea Ngaramtoni, utaziona nyumba zenye pazia katika dirisha moja na nailoni katika madirisha mengine yote. Pazia hilo ni ishara kwamba familia imekwisha kuhamia. Sababu zake zinaeleweka. Kodi ya nyumba mara nyingi hudaiwa kwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na fedha hiyo ingetosha kununua mabati au milango. Wengi wetu hujenga haba na haba: mwaka huu msingi, mwakani kuta, mwaka wa tatu kupaua. Wengine wana nyumba zilizokamilika, ila familia imekua na chumba kinaongezwa huku watoto wakilala ukuta wa pili.

Sikuja kuwalaumu waliohamia mapema. Nimekuja kusema jambo moja. Tunapokubaliana na fundi, tunataja idadi ya mifuko ya saruji, unene wa nondo na siku za malipo, lakini hatumtaji mtoto. Asipotajwa, usalama wake hauwi kazi ya mtu yeyote. Fundi hudhani mama anamwangalia, na mama hudhani fundi amefunika shimo. Kati ya dhana hizo mbili ndipo mtoto anapopotea.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, wakimaanisha kwamba maumivu madogo humfundisha. Lakini shimo la choo lenye kina cha futi 12 halimfundishi mtoto, kwa kuwa halimpi nafasi ya pili.

Chumba kimoja kikamilike kwanza

Familia ikilazimika kuhamia kabla nyumba haijaisha, fedha iliyopo isitawanywe katika vyumba vyote. Kikamilishwe chumba kimoja: sakafu iliyosakafiwa na kukauka, dari au paa lisilovuja, dirisha linalofunguka, na mlango unaofungwa kwa komeo lililo juu ya mkono wa mtoto. Chumba hicho kisiwe stoo ya saruji, rangi wala vifaa vya fundi, hata kwa usiku mmoja.

Kisha uwekwe mpaka. Mabanzi, mabati chakavu au seng'enge isiyo na miiba vinatosha, mradi uzio uwe imara na usipitike. Upande mmoja ni wa familia, upande wa pili ni wa kazi. Njia ya kwenda chooni na jikoni isikatize upande wa kazi. Kama haiwezekani, njia hiyo isafishwe kila jioni kabla fundi hajaondoka, kwa sababu msumari uliosahaulika hauonekani usiku.

Zipo pia siku ambazo uzio hautoshi: siku ya kumwaga zege, siku ya kupaua, siku ya kubomoa ukuta na siku za kupaka rangi ya mafuta. Siku hizo mtoto asiwepo kabisa. Kama bibi yuko Tengeru au shangazi yuko Usa River, mpango ufanywe mapema, na fundi atoe tarehe kabla ya wiki hiyo kuanza.

Mambo sita ya kutazama

La kwanza ni mashimo na maji. Shimo la choo, karo, mtaro wa msingi na kisima cha kuhifadhi maji vifunikwe kila siku kazi inaposimama, hata kama ni kwa mapumziko ya chakula. Kifuniko kiwe kizito au kifungwe, kwani kipande cha bati kilichowekwa juu tu hugeuka kuwa mtego. Wakati wa masika, maji yashukayo kutoka Mlima Meru hujaza mitaro na kulegeza kingo zake. Zege nalo huhitaji kumwagiliwa maji kwa muda usiopungua siku 7, ndiyo maana mapipa na ndoo huachwa wazi. Mtoto anayetambaa aweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita 5 tu. Pipa lifunikwe, na ndoo imwagwe jioni.

La pili ni saruji na chokaa. Saruji ikikutana na maji huwa na ukali kama wa magadi, tena mkubwa zaidi. Huunguza ngozi polepole, na mara nyingi maumivu huja saa kadhaa baadaye, wakati madhara yamekwisha kutokea. Mtoto anayechezea udongo wa saruji kana kwamba ni matope hawezi kulijua hilo. Mfuko wa kilo 50 uliofunguliwa ufungwe na kuwekwa juu, na mifuko mitupu isiwe mchezo. Mchanga na kokoto navyo virundikwe mbali na mahali watoto wanapochezea.

La tatu ni umeme wa muda. Waya unaopita sakafuni kwenda kwenye mashine, wenye maungio yaliyofungwa kwa nailoni, haufai katika nyumba yenye mtoto. Sharti waya upite juu, usiwe na maungio yaliyo wazi, na uchomolewe kazi inapokwisha. Kazi ya kutandaza nyaya za nyumba apewe mwenye leseni ya EWURA, nanyi mwombeni awaonyeshe leseni hiyo. Wakati wa kuchomelea grili, watoto wasiwe mahali ambapo wataona mwanga wa moto ule, kwa maana huumiza macho hata kwa mbali.

La nne ni rangi na vumbi. Baadhi ya rangi, hasa za mafuta na zenye kung'aa, zimewahi kutengenezwa kwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima katika kiasi cha risasi wanachomeza. Madhara yake huonekana katika akili na tabia ya mtoto, wala hayaponi. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 katika kila milioni ya rangi iliyokauka. Jicho haliwezi kukipima kiwango hicho dukani. Kwa hiyo nunueni rangi yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, na yenye jina la mtengenezaji. Msinunue rangi iliyopimiwa katika kopo lisilo na maelezo. Rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu. Ilowanishwe kwanza, na mabaki yake yakusanywe. Nyumba za zamani zenye paa la asbesto nazo bado zipo: mabati hayo yasikatwe kwa msumeno wala kuvunjwa kwa nyundo, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu.

La tano ni mabaki ya mbao. Mbao zilizotiwa dawa, ambazo nyingi huwa na rangi ya kijani, hazifai kuwa kuni. Dawa itumikayo sana katika mbao za aina hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki, na sumu hiyo hubaki katika moshi na majivu. Mabaki yake yasipikiwe chakula, wala majivu yasitumike kusugulia masufuria au kurutubisha bustani ya mboga.

La sita ni jiko la mkaa, nalo ni la kwetu hasa. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Mlima Meru hupenya kila ufa. Nyumba isiyo na vioo huzibwa kwa nailoni na maturubai, kisha jiko la mkaa huingizwa chumbani ili watoto wapate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichozibwa, hewa hiyo huweza kuiua familia nzima usingizini. Jiko lisiingizwe katika chumba cha kulala, hata likiwa limebaki na makaa mekundu tu. Baridi itafutiwe mablanketi na nguo nzito. Kama fedha ya vioo ni ya dirisha moja, iende katika dirisha la chumba cha watoto.

Maneno ya kuandika

Baada ya kuyajua hayo, tuyaweke katika maandishi. Mafundi wengi tunaowatumia si makandarasi waliosajiliwa, na makubaliano hufanywa kwa mdomo kando ya mchanga. Karatasi moja, yenye sahihi mbili na shahidi kutoka ofisi ya mtaa, inatosha kwa kazi ndogo. Kando ya bei na vipimo, andikeni maneno kama haya:

"Fundi anafahamu kwamba watoto wadogo wanaishi katika nyumba hii. Kila siku kabla ya kuondoka, fundi atafunika mashimo na mapipa, atachomoa nyaya za umeme, ataokota misumari na kufungia vifaa, saruji na rangi stoo. Atatoa taarifa siku tatu kabla ya kumwaga zege, kubomoa, kupaua au kupaka rangi. Malipo ya kila hatua yatatolewa baada ya kazi na usafi wa hatua hiyo kukaguliwa na pande zote mbili."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Mlaji aliyelipa fedha yote mwanzoni hana tena cha kushikilia isipokuwa kuomba. Gawanyeni malipo kwa hatua: msingi, kuta, lenta, kupaua, plasta. Sehemu ya malipo ibaki hadi kifuniko cha karo kiwe mahali pake na eneo liwe limesafishwa. Nanyi mafundi msilione jambo hili kuwa ni kutoaminiwa. Fundi anayelipwa kwa hatua zilizoandikwa naye amelindwa dhidi ya mwenye nyumba anayebadili maneno. Muda wa kusafisha jioni una gharama, na ni haki uhesabiwe katika bei.

Kuongeza chumba au kubadili nyumba kunahitaji kibali cha ujenzi. Kwa walio mjini, kibali hutolewa na Halmashauri ya Jiji. Kwa walio nje ya jiji, ni Halmashauri ya Arusha au ya Meru, kwa kadiri ya mahali mlipo. Kazi kubwa, na hasa ghorofa, apewe mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Ngazi na slabu zisizo na kingo zizibwe tangu siku mbao za kushikilia zege zinapoondolewa, bila kungojea siku ya kufunga vyuma.

Daini risiti kwa kila mnunuacho, na muitunze. Bidhaa isiyokidhi kiwango ipelekewe taarifa TBS; bidhaa bandia au maelezo ya udanganyifu yapelekwe Tume ya Ushindani. Pasipo risiti, malalamiko yenu hubaki kuwa neno lenu dhidi ya neno la muuzaji.

Jambo likitokea

Saruji ikiingia jichoni, oshe jicho hapo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kwa dakika 20, kisha mtoto apelekwe hospitali. Saruji ikigusa ngozi, ivuliwe nguo iliyolowa na ngozi ioshwe kwa maji mengi. Mtoto akinywa mafuta ya taa au dawa ya kuyeyushia rangi, asilazimishwe kutapika, kwa sababu mafuta hayo yakirudi huingia katika mapafu. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chombo alichonywea. Ndiyo maana vimiminika hivyo havipaswi kamwe kuwekwa katika chupa ya soda au ya maji. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa pamoja katika chumba chenye moto, watolewe nje wapate hewa safi, kisha wafikishwe hospitali. Mtu akitumbukia shimoni, pigeni simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wala mtu mwingine asishuke bila kamba na msaada.

Ndugu zangu, nyumba tunawajengea watoto. Mzazi anayevumilia miaka mitano ya vumbi na madeni hufanya hivyo ili mwanawe apate mahali pa kusimama. Basi leo jioni, kabla fundi hajafunga mfuko wake wa vifaa, piteni naye nyumba nzima mkiinama hadi kimo cha mtoto wa miaka miwili. Tazameni kile ambacho mkono wake unafikia na mahali ambapo mguu wake unaweza kutumbukia. Mtakayoyaona yaandikeni katika karatasi ile, na kesho kazi ianzie hapo.