KUMCHAGULIA CHUO MTOTO ANAYETAKA KUSOMA SIASA

(Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano wa wanachama. Tumeyabandika hapa kwa faida ya wale waliokuwa shambani siku ile.)



Mlitutuma kazi, tumeifanya. Binti yetu amemaliza kidato cha sita kwa masomo ya Historia, Jiografia na Kiswahili, na amefaulu. Ameuomba mfuko wa elimu wa ushirika umsaidie akasome sayansi ya siasa. Maneno yakawa mengi. Wengine walisema siasa haisomewi, mtu anazaliwa nayo mdomoni. Wengine wakasema bora ualimu. Na wengine wakasema kama si Mlimani basi akae nyumbani. Mkasema Kamati ikaulize. Tumeuliza, na haya ndiyo tuliyorudi nayo.

Kwanza, siasa yenyewe. Sisi tuliosoma zamani tunakumbuka somo la Elimu ya Siasa, la kukariri mambo ya Chama. Hii siyo ile. Wala si kujifunza kupiga kelele jukwaani. Sayansi ya siasa inachunguza nani anaamua, kwa sheria gani, kodi inakwenda wapi, na mwananchi anasikilizwa wapi. Tuchukue mfano wa hapa hapa kwetu. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na mazao yakawa yananunuliwa na mamlaka za mazao. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Mkulima na magunia yake aliona tu kwamba mnunuzi amebadilika. Je, nani aliamua? Kwa sababu gani? Mkulima angekwenda kusemea wapi? Maswali ya namna hiyo ndiyo kazi ya somo hili. Basi jamani, tusiseme halina faida kwa mkulima.

Pili, vyuo. Vyuo vya siasa na utawala ni vingi, na kila kimoja kina kazi yake. Mbegu ya mpunga hupandi kilimani halafu ukailaumu mbegu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza chuo kipi ni kikubwa, tumuulize mtoto anataka kufanya kazi gani.

Anayetaka kuchimba elimu yenyewe, awe mtafiti, mwandishi au mwalimu wa chuo, Mlimani panamfaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 kwa somo la sheria, kikawa chuo kikuu kamili 1970. Kina idara ya sayansi ya siasa na utawala. Rais Museveni wa Uganda alisoma pale. Masomo ni ya Kiingereza na vitabu ni vingi, mvivu wa kusoma asijaribu. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho, kilichoanzishwa 2007, kinafundisha sayansi ya siasa.

Anayetaka kazi ya halmashauri, yaani mipango, bajeti, watumishi na mikutano ya madiwani, aitazame Mzumbe, Morogoro. Mizizi yake ni shule ya serikali za mitaa ya mwaka 1953. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na 2001 ikawa chuo kikuu. Utawala ndiyo kazi yake ya miaka yote.

Anayetaka mambo ya nchi za nje, kipo Chuo cha Diplomasia, Kurasini, Dar es Salaam. Kilianzishwa 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, na sasa kina jina la Dk. Salim Ahmed Salim.

Wazee wanaikumbuka Kivukoni, chuo cha TANU cha 1961 pale Kigamboni. Hakikufa. Tangu 2005 ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na kinatoa cheti, stashahada na shahada. Hii ni faida kwa mtoto ambaye alama zake hazijafika chuo kikuu: anaanza chini, anapanda ngazi.

Na tusiwasahau wa kidato cha nne. Chuo cha Serikali za Mitaa kiko Hombolo, Dodoma. Soma tangazo la kazi ya mtendaji wa kijiji: mara nyingi linataka kidato cha nne au cha sita pamoja na cheti cha utawala, sheria, maendeleo ya jamii au fani ya karibu, na Hombolo hutajwa kwa jina. Hivi kweli kijana akitoka huko akaja kutuandikia mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji, tutasema hakusoma siasa? Si ndiyo siasa yenyewe hiyo!

Mwenye mji na watoto asiyeweza kuhama, Chuo Kikuu Huria kimewekwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu kama yeye. Anasoma akiwa kwake.

Tatu, mambo ya kuangalia kabla ya kutoa hata senti moja.

Chuo kiwe kinatambuliwa. Vyuo vikuu vinasimamiwa na TCU, vyuo vya kati na NACTVET. Mtu akija na fomu mkononi anasema ana nafasi ya chuo, mpe chai kisha mwonyeshe njia. Maombi anapeleka mtoto mwenyewe moja kwa moja chuoni.

Sifa za kuingia zisomwe katika mwongozo wa mwaka huu huu. Wa kaka yake wa miaka mitatu nyuma usitumike.

Aombe orodha ya masomo ya miaka yote mitatu ya shahada, aisome yote. Jina la shahada linaweza kuwa moja na yaliyomo yakawa mbalimbali: huku falsafa na uchaguzi, kule fedha na watumishi.

Gharama zihesabiwe zote. Ada ni mlango tu. Ndani kuna chakula, chumba, nauli, vitabu. Bodi ya Mikopo ipo, lakini mkopo si zawadi: akiajiriwa anakatwa mshahara mpaka uishe. Na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, maana mtoto anaweza kukosa mkopo kwa sababu ya karatasi moja.

Sasa binti yetu. Tulikaa naye na mama yake. Tulimuuliza anataka kazi gani. Alisema anataka kujua kwa nini fedha ya zahanati inapitishwa kwenye bajeti halafu haifiki, na anataka kukaa pale inapokwama. Ndugu wanachama, huyo hakutaja chuo, ametaja kazi. Kwa kazi hiyo Kamati inapendekeza aombe Mzumbe kwanza, Dodoma pili, Mlimani tatu. Akipata Mlimani tutafurahi, lakini tusimpeleke kwa ajili ya kujivunia jina vilabuni.

Mfuko wetu ni mdogo, na fedha yake ni makato ya mazao ya kila mmoja wetu. Hivyo tunapendekeza aombe mkopo kwanza, mfuko uzibe pengo la nauli na chakula. Kwa upande wake, kila likizo atusomee hesabu za ushirika na kutueleza sheria mpya kwa Kiswahili chepesi. Kama kuna mwenye wazo lingine, aje nalo Jumamosi kabla ya kura. Kunung'unika njiani hakusaidii.

Mtoto wa mmoja akielimika, mzani wa wote unasomwa sawasawa.


Kamati ya Elimu