Mgao wa kambini na sufuria ya mwanafunzi

(Maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa wanachama)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya mabati wala mbegu. Tumekuja kuzungumza juu ya sufuria. Watoto wetu waliotoka Fizi kwenda kusoma Bukavu wanalipiwa minervali. Asante kwa hiyo. Lakini tulipowatembelea katika vyumba wanavyopanga, tulikuta jambo lililotuuma: wiki ya kwanza ya mwezi wanakula vizuri, wiki ya pili mkate na chai, wiki ya tatu chai peke yake. Mtoto anasinzia darasani, watu wanasema ni mvivu. Si uvivu, wapapa. Ni njaa.

Na sisi wafanyakazi tulikosea. Katika makaratasi yetu tuliandika minervali, vitabu, nauli. Chakula hatukuandika.

Wengi wetu hapa tulikaa Nyarugusu ao Lugufu. Mnakumbuka siku ya mgao: unga wa mahindi, maharagi, mafuta, chumvi. Ile ilipaswa kufika mpaka mgao mwingine. Nani aliifikisha? Mama. Alipima kwa kikombe, alijua siku ya mafuta na siku bila mafuta. Watoto walikula matunda ya ile akili, lakini akili yenyewe hatukuwafundisha, zaidi vijana wanaume. Basi tulikaa nao, tukapika pamoja.

Kwanza, makala. Wanafunzi wanne, mbabula nne, ni franka zinazoungua bure. Tuliwaambia: sufuria moja, mbabula moja, zamu iandikwe ukutani. Kijana mmoja alikuwa anaficha sufuria wageni wakifika, kwake kupika ni kazi ya dada. Leo yeye ndiye anashika daftari la zamu.

Pili, maharagi. Bukavu iko juu kuliko Baraka, karibu mita 1500, kwa hiyo maji yanachemka kabla ya kupata moto wote, na maharagi yanachelewa kuiva. Dawa iko: nusu kilo kwa watu wanne, yalowe usiku kucha, maji yale yamwagwe. Asubuhi yachemke kwa nguvu nusu saa katika maji mapya. Kisha sufuria ifunikwe, iingizwe ndani ya kitunga chenye majani makavu ya migomba, blanketi ya zamani juu yake. Wao wanaenda masomoni, moto umezimwa, maharagi yanaendelea kulainika. Saa nane wanaporudi, wanayachemsha tena mpaka yaive kabisa. Ule mchemko wa asubuhi usirukwe: maharagi yasiyoiva yanaumiza tumbo vibaya.

Tatu, kitoweo. Bugali ya muhogo inashibisha, lakini peke yake haijengi mwili. Iende na maharagi ao ndagala, ambao wanaliwa pamoja na mifupa yao. Lengalenga haiombi muda: kitunguu, nyanya, kijiko cha mawese, dakika kumi, tayari. Mawese yasichomwe mpaka yawe meupe, sababu ule wekundu ndio unasaidia macho. Chai nayo isubiri kidogo nyuma ya chakula, maana inazuia mwili kupata chuma iliyo ndani ya maharagi na mboga. Sombe ibaki ya siku ya posho: inataka kutwangwa na kuchemshwa sana, si chakula cha mtu anayekimbilia darasani.

Sasa ombi letu. Wazazi, msitume franka peke yake kwa simu. Gari likipanda, tumeni maharagi, ndagala wakavu, karanga. Franka inaisha kwa siku tatu, gunia la maharagi linamngoja mtoto. Wafadhili, kila mnapolipia wanafunzi wanne minervali, ongezeni sufuria moja kubwa yenye kifuniko, mbabula moja na kitunga. Si mzigo mkubwa, na bila hiyo ile minervali inalala darasani pamoja na mtoto.

Na ninyi wamama mliofikisha mgao mpaka siku ya mwisho, tunawahitaji. Likizo ikifika, msimpikie yule mwanafunzi. Mpeni kikombe, apime mwenyewe.

Tulirudi nyumbani ili watoto wasome. Basi wasome wakiwa wameshiba.