Midundo Mingi, Kazi Kidogo

Wahitimu wa fani ya kompyuta, kuanzia kesho ndugu na majirani watawauliza wanunue kompyuta ipi, na wengi watakuwa wameshatazama gigahezi. Tarakimu hiyo haidanganyi, ila ni nusu ya habari: inahesabu midundo ya prosesa kwa sekunde, haisemi kila mdundo umefanya kazi kiasi gani.

Novemba 2000 Intel ilitoa Pentium 4 ya gigahezi 1.5. Wahandisi walikuwa wameigawa kazi ya kila amri katika hatua 20 fupi ili midundo iongezeke, nayo ikaongezeka kweli. Lakini prosesa hubahatisha njia ambayo programu itafuata. Ikikosea, hatua zilizokwisha kuanzwa hutupwa, na mlolongo ukiwa mrefu hasara huwa kubwa. Ndiyo maana katika baadhi ya majaribio ilipitwa na Pentium III ya gigahezi 1. Kufikia 2004 Pentium 4 ilikuwa imefika gigahezi 3.8, inachemka, na ile ya gigahezi 4 ikafutwa kabla ya kuuzwa. Mwaka 2006 ikaja Core 2 Duo, yenye midundo michache zaidi, ikaiacha mbali.

Kisha kuna kungoja, jambo ambalo matangazo hayaligusi. Prosesa ya kisasa ikikosa data kwenye kache, yaani kumbukumbu ndogo iliyo karibu nayo, ikalazimika kuifuata kwenye kumbukumbu kuu, hupoteza mamia ya midundo, kama mpishi hodari ambaye kila kitunguu lazima akifuate sokoni. Programu iliyopanga data ovyo huikwamisha hata prosesa ya bei mbaya, na lawama hiyo ni yetu tunaoandika programu.

Mtu atasema, basi tuongeze kori, yaani vitengo vya kazi ndani ya prosesa. Kwa kuhariri video, sawa. Ila hoja aliyoitoa mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl mwaka 1967 bado inasimama: ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, hata kori elfu moja hazitaiharakisha mara kumi kamili. Mwingine atasema kwamba kwa prosesa za muundo uleule, gigahezi nyingi ni bora. Kweli, mradi joto liruhusu. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia midundo yenyewe, na kompyuta mpakato yenye feni iliyojaa vumbi, Dar es Salaam mwezi Februari, haikai muda mrefu kwenye kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Mashine kama hiyo huenda inahitaji brashi tu.