Ahadi ya Matibabu kwa Waliostaafu





Nimetakiwa niseme machache juu ya haki ya mtumishi akisha kuwa mzee. Nimechagua habari za watumishi wa miji miwili ya Marekani, Detroit na New York, kwa kuwa yaliyowapata yana mafunzo kwa kila mwenye kuajiri na kila mwenye kuajiriwa.

Mtumishi wa mji katika nchi ile, awe mzima moto, mfagia njia au karani, aghalabu alitazamia mambo mawili akistaafu: malipo ya uzeeni kila mwezi, na bima ya matibabu. Mambo haya yafanana kwa sura, lakini hayafanani kwa nguvu. Malipo ya uzeeni yana hesabu inayojulikana, na kwa desturi mji huyawekea akiba tangu mtu yungali kazini. Matibabu hayana hesabu ya hakika, maana hapana ajuaye maradhi yatakayompata, wala bei ya dawa ya miaka ishirini ijayo. Kwa hiyo miji mingi haikuyawekea akiba ya kutosha. Ililipa kwa mapato ya mwaka uliopo, ikitumaini kuwa mwaka ujao nao utajilipia.

Detroit, mji uliositawi kwa viwanda vya motokaa, ulikuwa na watu kiasi cha 1,850,000 mwaka 1950. Ilipofika mwaka 2010 walibaki kiasi cha 714,000. Walipa kodi walipungua, lakini wazee waliokwisha kuutumikia mji walibaki na madai yao. Mwezi wa Julai 2013 mji ulikwenda mahakamani kutangaza kufilisika, ukiwa na madeni yaliyokisiwa dola bilioni 18. Katiba ya jimbo la Michigan ya mwaka 1963 yalinda malipo ya uzeeni kuwa ni mkataba, matibabu haikuyataja. Hakimu aliamua kwamba hata malipo hayo yaweza kupunguzwa mji ukifilisika. Hata hivyo serikali ya jimbo, mifuko ya hisani na wafadhili wa jumba la sanaa la mji waliahidi dola milioni 816 ili kuyaokoa. Basi watumishi wa kawaida walikatwa asilimia 4.5, wakapoteza na nyongeza ya kila mwaka. Askari polisi na wazima moto hawakukatwa katika malipo yao ya msingi. Ama matibabu, yalipunguzwa kwa kiasi cha asilimia 90. Kilichoandikwa kilipata watetezi. Kisichoandikwa kilikwenda na maji.

New York mambo yalikuwa mengine. Huko sheria ya mwaka 1967 iliulazimisha mji kulipia bima ya watumishi wake na ya wastaafu. Mzee wa miaka 65 hupata bima ya serikali kuu, ambayo kwa kawaida hulipa asilimia 80 ya gharama za daktari, na bima ya mji humlipia zilizosalia. Mwaka 2021 wakuu wa mji walipatana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi kuwahamisha wastaafu wapatao 250,000 katika bima ya kampuni ya watu binafsi, ili kuokoa kiasi cha dola milioni 600 kila mwaka. Wazee wengi walikataa, wakihofu kuwa daktari wao hatakubaliwa, na kuwa matibabu mengine yatangojea idhini ya kampuni. Walianzisha chama chao, wakachanga fedha, wakashitaki. Mahakama za chini ziliwapa haki mara kwa mara. Mwezi wa Juni 2025 mahakama ya juu ya jimbo iliupa mji ushindi; lakini siku chache baadaye Meya Eric Adams alitangaza kuwa hatawahamisha. Yaani walishindwa mahakamani, na bima yao ikabaki.

Ndugu zangu, nayaona mafunzo matatu. La kwanza, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi mnaofanya kazi katika manispaa, ulizeni leo, mngali na nguvu, ni lipi lililoandikwa juu ya matibabu yenu ya uzeeni. La pili, ahadi isiyo na akiba ni mzigo anaotwikwa mtu ambaye hakuwapo ilipotolewa. La tatu, aliyestaafu hana sauti kazini. Asipojumuika na wenzake, wengine watapatana juu yake naye hayupo.

Lakini tusiishie kuinyoshea kidole miji ya mbali. Sisi nasi ni waajiri. Tunao muadhini, walimu wa madrasa na mlinzi wa msikiti, na wengine wametutumikia mpaka mvi zimewatoka. Wakiugua, hupitisha kofia. Mchango wa kofia ni wema, lakini si haki iliyoandikwa, na kofia hurudi nyepesi mwezi ambao mifuko ya watu imekauka. Naiomba Halmashauri ifungue daftari la akiba kwa ajili yao, japo ianze kwa kidogo, na iandike ni nini wanachostahili na tangu lini. Ahadi ni deni, na deni la mzee mgonjwa halingoji.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulilipa. Wassalaam.