Baridi ya Julai na Mvua za Vuli: Hotuba ya Karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Juni 2025

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ndugu wanachama mliokuja kutoka Kawangware, Kangemi, Riruta na Waithaka, na nanyi mliotoka kazini mjini moja kwa moja bila kupitia nyumbani:

Halmashauri imetuagiza tuwaeleze habari za miezi hii ijayo, tangu sasa mpaka Desemba, na huduma za mji ambazo kila mwanachama yampasa kuzijua. Tutazieleza. Lakini mwishoni pana ombi la fedha, na ni heri tuliseme mapema, asije mtu akanena kwamba amenaswa.

Wengi wetu tulisomeshwa kwa vitabu vilivyotoka Ulaya, navyo vilitufundisha ya kuwa baridi huja Desemba. Huku kwetu baridi ni ya Juni, Julai na Agosti. Mji huu uko juu. Idara ya Hali ya Hewa yenyewe, pale Dagoretti Corner, iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, nasi wa upande wa magharibi tuko juu kuliko ndugu zetu wa Eastlands. Mwezi wa Julai mawingu hutanda alfajiri, na pengine jua lisionekane mpaka jioni. Usiku joto hushuka hata nyuzi 11 hivi, na siku nyingine chini ya hapo. Mtu wa Ulaya atacheka akiambiwa hiyo ni baridi. Na acheke, yeye ana ukuta mnene na moto uliojengewa dohani. Wengi wetu tuna chumba kimoja cha mabati, futi kumi kwa kumi, na bati halijapata kuzuia baridi tangu lilipoumbwa.

Basi mtu hufanya nini? Huingiza jiko ndani.

Julai ya mwaka jana, katika ploti moja ya Kawangware, mama mmoja alichemsha githeri jioni pamoja na watoto wake wawili. Githeri, kama mjuavyo, halina haraka. Lilipoiva, makaa yalikuwa mekundu bado, wala hayatoi moshi, na chumba kilikuwa na joto zuri. Mama akaona ni hasara kuyamwagia maji. Akaziba tundu la dirisha kwa gunia, akasukuma nguo chini ya mlango, wakalala. Jirani yao, ambaye ni mwanachama wetu na ni bawabu wa usiku mjini, alirudi saa kumi na moja alfajiri. Alizoea kumsikia mama huyo akiamka saa hiyo kuwasha taa. Siku ile hakusikia kitu. Akabisha, akaita, akabisha tena, kisha akaupiga mlango teke. Aliwatoa wote watatu nje mmoja mmoja, akawalaza penye hewa, akaita watu. Walipelekwa hospitali, na kwa rehema za Mungu wote wako hai leo.

Tunalisimulia jambo hili kwa sababu mbili. Ya pili tutaifikia mwishoni. Ya kwanza ni hii: watu wengi hudhani kinachoua ni moshi. Sivyo. Makaa yakiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haimwashi mtu macho. Huingia katika damu ikashika mahali pa oksijeni, na mwili ukakosa pumzi ilhali mtu angali anavuta pumzi. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, miguu humlegea. Aliyelala hana habari. Jiko lenye moshi mtu hulitoa nje kwa kuwa lamuudhi. Lile jekundu, tulivu, ndilo tunalolisifu kuwa zuri, nalo ndilo la kuogopwa. Hata jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa tu. Sumu hiyo haliiondoi.

Kwa hiyo twawaomba, na hasa akina baba ambao hudhani mambo ya jiko hayawahusu: liwashwe nje, likiingia ndani, dirisha liwe wazi, na kabla ya kulala litolewe nje, hata kama makaa yangali mazima. Makaa yaliyobaki yafunikwe huko nje, yatafaa kesho. Blanketi moja zaidi ni ghali, tunajua. Mkimkuta mtu amezimia, mtoeni penye hewa kwanza, ndipo mpige simu 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Baridi hii huleta pia homa ya mapafu kwa watoto wachanga na wazee. Mtoto akipumua mbio mbio, au kifua kikiingia ndani kila apumuapo, asingojewe mpaka asubuhi. Na hapa tunaingia katika habari za matibabu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani, NHIF, haipo tena. Mahali pake pamekaa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi huiita SHA. Wako wanachama ambao bado wametunza kadi ya zamani mfukoni wakiamini itawafaa. Haitawafaa. Kujiandikisha hakuna malipo, na mtu huweza kujiandikisha kwa simu kwa kupiga *147#, au kwenda Huduma Centre pale GPO mjini na kitambulisho chake. Aliyejiandikisha hutibiwa bure magonjwa ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya vya serikali. Lakini kulazwa hospitali ni habari nyingine: huko yatakiwa mchango uwe umelipwa, nao kwa mtu asiye na mshahara hulipwa wa mwaka mzima, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mara moja. Kwa mama anayeuza sukuma wiki kando ya barabara, 3,600 kwa mkupuo ni mlima. Likumbukeni neno hili, tutalirudia.

Habari ya watoto wa shule ni njema kidogo. Mpango wa chakula wa Kaunti, uitwao Dishi na County, ulianza 2023, na mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo mmoja katika shule za umma. Hatujui mahali pengine mjini panapopatikana chakula cha moto kwa shilingi 5. Lakini likizo ya Agosti huangukia katika baridi, na siku hizo mtoto hula nyumbani. Mzazi apange mapema.

Sasa maji. Watu hutuuliza kila mwaka: mvua inanyesha hapa Kawangware hata matope yanafika magotini, mbona bomba ni kavu? Jibu ni kwamba mvua inayotunyeshea sisi siyo tunayokunywa. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, lililokamilika 1994, nalo hujazwa na mito ya milima ya Aberdare. Mvua ikipungua kule, mgao huja huku, kama ulivyokuja Januari 2017. Na maji yakigawanywa kwa zamu, watu huchota popote. Yafaa kila nyumba iwe na mtungi wa lita 20 wenye kifuniko, usiotumika kwa kazi nyingine, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Kipindupindu kilikuwa katika mji huu 2022 na 2023, wala hakikuuliza mtu anakaa Lavington au Gatina.

Baada ya baridi huja mvua za vuli, Oktoba mpaka Desemba, ambazo wenzetu Wakikuyu huziita mvua za mwere. Miaka mingine ni haba. Miaka mingine, kama 1997 na 2023, huja na El Niño, na hapo hakuna mtaro unaotosha. Masika ya 2024 wote tuliyaona: nyumba zilichukuliwa na maji Mathare na kwingineko, watu wakafa, na mwezi wa Mei serikali ikaamuru wote waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke. Wengine waliondolewa kabla hawajapata pa kwenda, na baadhi yao walihamia kwetu. Tuwapokee vema, lakini tusiwakodishie vyumba vilivyo mtoni tena. Twayasema haya kwa sababu wamo humu ndani wenye ploti.

Mto Nairobi huanza kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu. Hushuka kupitia Dagoretti, ukapita kati ya Kawangware na Kangemi, ukaenda Chiromo, ukaingia mjini pale Globe, kisha Gikomba. Sisi tuko karibu na kichwa cha mto. Mfuko wa taka unaotupwa mtaroni kwetu Jumatatu, mvua ikinyesha usiku, Jumanne ni wa mtu wa Gikomba. Vijana wa Kaunti wenye sare za kijani tunawaona wakizibua mitaro ya barabara kubwa, nasi twawashukuru. Vichochoro vyetu hawavifikii, wala gari la taka halivifikii. Mitaro ya ndani ni yetu sisi na wenye nyumba. Mwaka jana mwenye nyumba mmoja alijenga ngazi juu ya mtaro, akaambiwa na mzee wa mtaa, akanyamaza. Mwaka huu halmashauri itamwendea pamoja na chifu.

Kuhusu nauli za matatu, ambazo hupanda mara tone la kwanza likianguka, hatuna la kuwaambia ila hili: wanaofanya kazi mjini na kupanda namba 46 wabebe akiba, au waondoke mapema.

Bwana Mwenyekiti, tumefika kwenye ombi.

Vyama vya ustawi katika mji huu vilianzishwa na wazee waliokuja kufanya kazi wakiwa mbali na kwao, na jambo la kwanza walilokubaliana ni kwamba mwenzao asizikwe kama mtu asiye na watu. Vyama vikubwa, kama Luo Union na New Akamba Union, vilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, mpaka vyama vya kikabila vilipoamriwa kuvunjwa mwaka 1980. Chetu ni kidogo, ni cha majirani wa kila kabila, lakini kanuni yake ya kwanza ni ile ile: mwanachama akifa, au mtu wa nyumba yake, fedha hutoka siku hiyo hiyo. Kanuni hii ni ya heshima, wala hatuji kuivunja.

Lakini turudi kwa yule mama wa githeri. Yeye ni mwanachama aliyelipa mchango wake kila mwezi. Kama wangekufa, kanuni zingetoa fedha za maziko matatu kabla ya jua kuchwa. Kwa kuwa walipona, hapakuwa na fungu hata la shilingi moja la kulipia hospitali, na mweka hazina alifungwa mikono. Walisaidiwa kwa kofia iliyopitishwa mlangoni. Hii ndiyo sababu ya pili ya kulisimulia.

Halmashauri yaomba kwamba katika kila shilingi 200 za mchango wa mwezi, 30 ziwekwe katika fungu la walio hai. Fungu hilo lifanye kazi mbili tu: kuwakopesha wajane na wazee ile 3,600 ya bima, nao walipe kidogo kidogo, na kulipia usafiri na dawa za usiku mtu anapozidiwa. Katika halmashauri mzee mmoja alipinga, akasema mfuko wa maziko ukitobolewa mara moja hautazibika, na kesho watu watauliza kwa nini usilipe karo. Neno lake ni zito, nasi tumelitia katika azimio: mfuko wa maziko usipungue kamwe chini ya gharama ya maziko mawili, na ukifika hapo, fungu jipya lisimame mpaka ujae tena. Mzee aliposikia hivyo hakukubali, lakini alisema atasubiri kusikia wenzake. Tunaomba wazee wengine waseme leo, wasiseme kesho njiani.

Kura itapigwa kwa mikono baada ya chai. Mitaro ya Kawangware na Gatina itazibuliwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa moja asubuhi, na kila nyumba ilete jembe au sepetu na mtu mmoja wa kulishika. Sasa mweka hazina atawasomea hesabu.