Hotuba Fupi juu ya Barua Zetu



Hatukusimama hapa kumtukana mtu. Sisi watu wa reli twaijua kazi ya mifuko ya barua, kwani tangu njia ilipofika Kisumu mwaka 1901 gari la moshi liliichukua miaka mingi. Twajua mfuko ni mzito na makarani ni wachache. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Lakini jambo hili limetuuma. Mwenzetu wa gengi aliumia mguu kazini. Barua ya fidia ilimtaka ajibu katika siku 21. Muhuri waonyesha kwamba ilifika posta yetu siku ya 4. Yeye aliipata siku ya 26, imelowa. Ilikuwa imetiwa katika sanduku la mtu mwingine. Na huyo mwingine, ndugu zetu, ni mwanachama wetu. Aliiweka kando asiirudishe.

Kwa hiyo twamwomba Bwana Posta Masta mambo mawili: nambari zitazamwe kabla barua hazijatiwa sandukuni, na mifuko isilazwe sakafuni wakati wa mvua. Nasi tujiombe mawili: tuandike nambari wazi, na barua isiyo yetu tuirudishe siku ile ile.

Chama kimekwisha andika kuomba mwenzetu aongezewe siku. Barua hiyo tumeipeleka kwa rejista. Jibu lake twalingoja katika posta ile ile, kwa heshima, na kwa matumaini.