Mkalimani Aliyesimama Katikati



Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 42, tunasoma habari za ndugu zake Yosefu walioshuka Misri kununua nafaka. Kati yao na Yosefu alisimama mkalimani. Maandiko hayamtaji jina, lakini riziki ya jamaa nzima ilipita kinywani mwake.

Kazi ya namna hiyo ipo hata leo. Tangu mwaka 1987 serikali ya Japani huwaita vijana wasomi wa mataifa mengine wakafanye kazi nchini humo. Wengi hufundisha lugha shuleni. Wachache wanaokijua vema Kijapani huwekwa katika ofisi za miji na mikoa, wawe waratibu wa uhusiano na mataifa. Hufasiri barua, hupokea wageni, huwasimulia watoto habari za nchi zao. Wakipotosha neno moja, pande mbili huumia.

Jambo hilo tulilishuhudia mwaka 2025. Mwezi Agosti, shirika la Kijapani la ushirikiano, JICA, lilitangaza kuunganisha kwa urafiki miji minne ya Japani na nchi nne za Afrika. Mji wa Nagai uliunganishwa na Tanzania. Mpango uliitwa kwa jina lenye maana ya mji wa nyumbani, na jina hilo halikufafanuliwa vya kutosha. Njiani neno likageuka: huku ikasemwa mji umetolewa kwa Watanzania, kule ikasemwa wahamiaji watafunguliwa milango. Simu za malalamiko zikafurika katika ofisi za miji ile. Tarehe 25 Septemba mpango ukafutwa. Urafiki ulizimwa kwa neno ambalo wengi walilipokea bila kuuliza.

Ndugu zangu, tusiwacheke walio mbali. Hapa kwetu Shinyanga na Geita, neno lisilopimwa limefanya mabaya kuliko hayo. Bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni ameitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa mapanga kwa sababu ya neno hilo. Katika machimbo ya dhahabu wamekutana watu wa makabila mengi. Uvumi mmoja juu ya mgeni huweza kumnyima rafiki, kazi, hata uhai.

Basi, si lazima tuvuke bahari ili tuwe wakalimani. Kila mmoja wetu husimama kati ya jirani na jirani. Wiki hii, tukiletewa habari mbaya za mtu, tumwulize mletaji: umeyaona mwenyewe? Kisha twende kwa yule anayesemwa, tukae naye, tumsikilize. Na kijana wetu anayesafiri ughaibuni tumwage kwa kumkumbusha kwamba huko atakuwa kinywa chetu.

Ee Bwana, uilinde midomo yetu, ili kwa neno letu asiangamie mtu. Amina.